Ngozi Zilizoelea

3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Naandika barua kama watu wa zamani kwa sababu simu yangu imekwenda pamoja na gari. Umesoma sawasawa. Pikapu imeibwa.

Alhamisi nilipakia ngozi machinjioni kama kawaida, thelathini na nane, mbichi, zimetiwa chumvi. Kiwanda cha ngozi kilikuwa kimefunga mapema siku hiyo, nikaenda kuegesha kwenye yadi ileile ninayolipia kila mwezi, kwa yule mzee mlinzi wa getini. Ijumaa, kama unavyojua, nilikuwa kwako. Jumamosi narudi, nakuta doa la oili chini na mzee ananitolea macho. Mtu anayeiba gari linalonuka vile ama ana shida kubwa ama hana pua.

Sasa nina ombi. Polisi na watu wa bima wanataka kujua nilikuwa wapi tangu Alhamisi. Niandikie barua fupi kwamba nilifika kwako Alhamisi alasiri. Najua nilifika Ijumaa. Lakini Alhamisi nilikuwa kwa mtu ambaye wifi yako hapaswi kumjua, na polisi wakiandika, wifi yako atasoma. Ni tofauti ya siku moja tu, dada. Ukigonga na muhuri wa chumba chako cha kufulia, barua itakuwa na uzito. Wakiona neno hospitali hawaulizi mara mbili.

Bima wakilipa, mkopo wa gari unafutika na wewe unatoka kwenye udhamini. Utalala usingizi.

Nampa kondakta wa basi la asubuhi akuachie mapokezi.

Mdogo wako,
Kapteni


8 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole kwa gari. Kwa hilo jingine sikupi pole. Una mke anayekufulia nguo zenye damu ya ng'ombe bila kunung'unika, na wewe unatafuta mahali pengine pa kuvua viatu. Nimesoma ule mstari nikahisi kama nimekunywa maji ya kuoshea vyombo.

Barua nimeiandika. Nimesema ulifika kwa basi Alhamisi saa tisa alasiri. Nimegonga muhuri, nikaikunja, nikaituma kituoni kabla sijabadili mawazo. Miaka kumi na tisa nasimamia mashuka ya hospitali hii, muhuri ule haujawahi kugongwa kwenye uongo. Nimefanya kwa ajili ya wifi, si kwa ajili yako.

Suruali uliyoiacha Ijumaa nimeiloweka mara tatu. Damu naijua, grisi naijua, lakini lile tope jeupe la magotini linaganda kama saruji. Ulipiga magoti wapi?

Ahsante kwa spika ulizoniletea siku ile. Mwanangu ameziunganisha na redio ya sebuleni, sasa hata majirani wanasikiliza taarifa ya habari wapende wasipende.

Huyo mzee wa getini naye amesema nini?

Dada yako


15 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefanya kazi kuliko wakili. Afisa wa polisi aliisoma, akatazama muhuri, akaniambia nikae kwenye kiti chenye mto.

Mzee wa getini wamemchukua. Mimi sikumtaja, jina lake lilikuja lenyewe, maana ndiye aliyekuwa na ufunguo wa geti. Anasema gari halikurudi yadini siku hiyo. Wamemwuliza ataonyesha nini, akafungua daftari lake la magari, ukurasa wa siku hiyo haupo. Sasa mtu kama huyo utamteteaje? Wakimweka ndani wiki mbili tatu, bima wakamaliza karatasi zao, atatoka. Hawana cha kumfanya.

Suruali usihangaike nayo, ifanye dekio.

Nafikiria safari hii ninunue gari la kubeba soda. Nimechoka kupita mahali watu wakifunga madirisha. Hata mtoto wangu mdogo hunikumbatia akiwa ameziba pua, anadhani sioni.

Mdogo wako,
Kapteni


4 Machi

Wewe,

Jana afisa mikopo alinifuata kazini. Kijana mpole, viatu safi, alisimama mlangoni mwa chumba cha kufulia akisubiri nikauke mikono. Akasema, "Mama, wewe ni mdhamini. Kuna gari limepatikana, tunaomba uje ulitambue."

Tulikwenda kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, lile shimo kubwa lililojaa maji. Wavunja mawe walikuwa wamesimama mbali, kanga na mashati yamefunga pua. Walituambia kwamba kwa siku tatu kulikuwa na vitu vinaibuka. Kwanza kimoja, wakadhani ni mbwa. Kisha vinne. Wakadhani ni watu, mmoja wao akakimbia mpaka kituoni.

Zilikuwa ngozi zako. Zimevimba, zimegeuka kijivu, manyoya yanatoka mafungu mafungu, zinaelea tumbo juu kana kwamba ng'ombe wamo ndani. Mimi nafua mashuka ya wodi za wagonjwa, nimeona vinavyotoka kwenye mwili wa binadamu, sijawahi kutapika kazini. Jana nilitapika mbele ya afisa mikopo, akanishikia mkoba.

Halafu gari la kuvuta likawasha winchi, pikapu ikapanda taratibu, maji yanachuruzika milangoni. Polisi walinionyesha kimoja kimoja. Gia ilikuwa huru. Breki ya mkono ilikuwa chini. Vioo vyote viwili vimeshushwa ili lizame upesi. Ufunguo umo. Tairi la akiba halimo. Na kwenye milango, pale panapokaa spika, kulikuwa na mashimo mawili ya duara, nyaya zimekatwa vizuri kwa koleo.

Nilirudi nyumbani, mwanangu amefungulia redio.

Udongo wa pale shimoni ni mweupe. Sina haja ya kukueleza.

Hukuwa kwa mwanamke. Ningependa ungekuwa kwa mwanamke. Nilikuwa nakuonea kinyaa kwa kosa dogo.

Nijibu swali moja, kwa ndiyo au hapana. Ni wewe?

Dada yako


7 Machi

Dada,

Ndiyo.

Lakini nisikilize kwanza kabla hujapandwa na hasira. Nimelipa marejesho ishirini na tano kati ya thelathini na sita. Nimechelewa matatu, kwa sababu kiwanda cha ngozi kilinizungusha tangu Oktoba. Kampuni ya mikopo wakanipigia kwamba Jumatatu watakuja kulichukua. Walichukue wampe nani? Lile gari nimelilea. Nimelala chini yake kwenye mvua. Nilipokuwa nalipa walikuwa wananiita mteja wetu mpendwa, nilipochelewa mwezi mmoja tu, nikawa namba. Nikasema basi, nisipolipata mimi, na wao wasilipate.

Alhamisi nililala kwa jamaa mmoja wa machinjioni. Ijumaa asubuhi nikalipeleka shimoni. Ngozi niliziacha ndani ili ionekane wezi waliondoka na mzigo. Nililisukuma peke yangu, nikapiga magoti kwenye lile tope mpaka likaanza kuteleza lenyewe. Unajua lilichukua muda gani kuzama? Nilivuta sigara nzima. Nililia, kama unataka kujua.

Na niambie wewe uliyesoma, mtu anashtakiwaje kwa kuharibu kitu chake? Jina kwenye kadi ni langu. Nikivunja sahani yangu nani ananiita mwizi? Ni mambo ya deni haya, na deni halimpeleki mtu jela.

Bado hawajanikamata. Wanasema huenda mwizi ndiye aliyelizamisha. Kila kitu kinasimama juu ya barua yako. Ukikaa kimya tumepona. Ukisema ulidanganya, na wewe unashtakiwa, muhuri ule ni wa serikali. Fikiria kazi yako. Fikiria mwanao. Sikutishi, dada, nakukumbusha tu.

Kapteni


9 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika saa nne. Nimeisoma mara moja, sikuweza mara ya pili.

Hukuuliza hali ya yule mzee. Kurasa mbili nzima, umelilia gari, umejililia mwenyewe, mzee hayumo hata kwenye mstari mmoja. Yuko rumande siku ya ishirini na nane leo, kwa karatasi niliyoandika mimi.

Nilimwuliza yule afisa mikopo swali lako, nikijifanya nauliza tu. Alinijibu bila hasira. Kadi ina majina mawili, lako na la kampuni, na gari ndiyo dhamana ya mkopo mpaka rejesho la mwisho. Akasema, "Kuchelewa kulipa si jinai, mama. Tungelichukua, tungeliuza, mngebaki na salio dogo tukapanga namna ya kulimaliza. Lakini mtu akiharibu dhamana makusudi ili mkopeshaji asiipate, hilo ni jinai. Akidai na bima, ni la pili. Akiripoti wizi ambao haukutokea, la tatu. Na deni linabaki palepale." Unaona? Ungekaa kwenye kiti chako Jumatatu ile ukawapa ufunguo, leo ungekuwa dereva asiye na gari. Basi.

Saa sita nilikwenda kituoni. Nimewaambia barua ni ya uongo. Nimewapa zile spika. Nimewapa suruali, sikuwa nimeifanya dekio. Nimewapa na barua zako.

Mikono nimenawa kwa dawa ya wodini, ile inayounguza. Bado najisikia mchafu.

Watakuja. Mwambie wifi kabla hawajafika, asisikie kwa majirani.

Dada yako


25 Machi

Kwa Mama wa chumba cha kufulia,

Nimepata barua yako na bahasha yenye hela. Hela nazirudisha kwa kondakta huyohuyo, zihesabu mbele yake.

Sina mengi. Nililinda yadi ile miaka kumi na moja. Kila gari linaloingia naandika, kila linalotoka naandika, kwa mwandiko wangu ambao si mzuri lakini unasomeka. Alhamisi ile ndugu yako alitoka saa nne asubuhi, hakurudi. Niliandika. Siku ya kuonyesha, ukurasa haupo. Sijui ulitoka lini, sijui ulitokaje. Daftari lile lilikuwa halitoki mezani pangu. Nilikaa rumande nikifikiri labda nimeanza kuchanganyikiwa, labda gari lilirudi na mimi nilisinzia. Hicho ndicho kilichoniumiza kuliko vipigo. Mtu akikutia shaka juu ya akili yako mwenyewe, unakosa pa kusimama.

Niliwaambia ukweli tangu siku ya kwanza. Wakaniambia kuna mama wa hospitali kaandika, ana muhuri, wewe una nini?

Sikio la kushoto sasa halisikii. Kazi amepewa mwingine. Mwenye yadi ananiambia anajua sina kosa, ila wateja wanaogopa.

Umeandika kwamba unajichukia. Mimi hilo halinisaidii. Kama unataka kunisaidia, njoo yadini siku ya kazi, wakati madereva wote wapo, useme kwa mdomo wako. Kuandika unajua sana, safari hii usiandike.

Mimi,
Mlinzi wa yadi


19 Juni
Gerezani

Dada,

Shikamoo. Hukumu uliisikia, ulikuwa mstari wa nyuma, nilikuona. Miaka mitatu. Ulitoka kabla sijageuka.

Hakimu yule naye alinisemesha kama mtoto. "Mshtakiwa, gari ulikuwa na haki ya kuliendesha, hukuwa na haki ya kuliangamiza." Nimeyarudia maneno yale kila siku, na bado naona kama wamenionea. Marejesho ishirini na tano, dada. Hata usukani si wangu?

Huku tunalala ubavu mmoja, mtu akitaka kugeuka tunageuka wote. Kuna ndoo kwenye kona. Mgeni wanamweka karibu na ndoo. Nilidhani nimezoea harufu. Wenzangu wameshaniita jina, wananiita Ngozi. Kesi yangu waliisoma kwenye gazeti la kufungia mkate.

Wifi yako amekuja mara moja. Alisimama upande wa pili wa wavu, akasema watoto hawajambo, akaondoka. Hakuuliza kitu. Afadhali angenitukana.

Naomba uje Jumapili. Niletee sabuni ya kipande na dawa ya upele. Na kama utaweza, niandikie barua kwa ajili ya rufaa, useme mimi ni mtu wa kuaminika, sijawahi kuwa na kosa. Wewe ndiye uliyeniingiza humu kwa barua zangu, basi nitoe kwa yako moja.

Mdogo wako


27 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua ya rufaa siandiki. Ukiniomba tena barua ya namna hiyo nitaipeleka kwa mkuu wa gereza.

Nikueleze hali ilivyo, kwa sababu hukuuliza. Kwa kuwa nilijipeleka mwenyewe, walinipiga faini tu. Hospitali wameninyang'anya muhuri na usimamizi, wamenirudisha nilikoanzia nikiwa na miaka ishirini na miwili, kwenye sinki la kusuuza mashuka ya wodi kabla hayajaingia kwenye mashine. Wasichana niliowafundisha kazi wananipita pembeni, hawajui waniite nani. Na kila mwisho wa mwezi kampuni ya mikopo inakata sehemu ya mshahara wangu, kwa sababu deni lako halikufungwa nawe. Gari lenyewe liliuzwa kama chuma chakavu. Nitamaliza kulilipa mwaka wako wa mwisho humo ndani. Nimepiga hesabu hiyo nikacheka, halafu nikaona aibu kwa kucheka.

Yadini nilikwenda. Ilikuwa asubuhi, magari kumi na mawili yanapasha injini. Mzee alisimama pembeni yangu, amegeuza sikio zima upande wangu. Nikawaambia wazime injini. Nikasema mimi ndiye niliyeandika kwamba ndugu yangu alikuwa kwangu, na nilidanganya, na mzee huyu alisema kweli tangu siku ya kwanza. Sauti haikutoka vizuri, dereva mmoja wa nyuma akasema hajasikia, nikalazimika kurudia. Kurudia ndiko kulikoniua. Mwenye yadi alitazama chini. Kazi hakumrudishia. Mzee akavaa kofia yake, akaniambia, "Sasa wamesikia," akaenda zake kwa miguu.

Yule mzee bado anauliza juu ya ukurasa. Si gari, si fidia. Ukurasa. Ananiuliza mimi kama naamini aliandika. Nimemwambia naamini. Ananitazama kama mtu anayetaka kusikia kwa mwingine.

Mahakamani walikuuliza ukasema hujui. Mimi nimekulea, nimekubeba mgongoni ukiwa na surua. Najua unavyotazama ukuta ukisema hujui.

Jumapili, tarehe sita, nitakuja. Sabuni nitaleta, na dawa ya upele, kwa sababu mama yetu angeleta. Nitaleta pia karatasi, kalamu na bahasha yenye anwani ya mzee. Sitaki useme unaomba radhi, radhi zako nimezishiba. Andika ulichofanya. Ukimaliza nitaisoma hapohapo, na nikiona neno moja juu ya marejesho ishirini na tano nitaichana na sitarudi tena.

Dada yako


6 Julai
Gerezani

Kwa Mzee wa getini,

Shikamoo. Dada yangu amekaa upande wa pili wa wavu, anasubiri niandike.

Ukurasa uliuandika. Niliuchana mimi. Ilikuwa Jumamosi ile niliporudi kuripoti. Daftari lilikuwa mezani, limefunguka ukurasa wa Alhamisi, na niliona mwandiko wako: pikapu ya ngozi, imetoka saa nne. Upande wa kuingia ulikuwa mtupu.

Nikakuomba maji ya kunywa. Ukasema bombani hayafai, ukaenda kuniletea ya kwako uliyoyachemsha. Ulichelewa kidogo, nadhani ulikuwa unaosha kikombe. Nikauchana, nikaukunja, nikautia kwenye soksi.

Sikuwa na kiu. Uliporudi nikayanywa yote, nikakushukuru, na wewe ukaniambia pole kwa gari.

Mimi,
dereva wa pikapu ya ngozi